Karatasi ya bombo: historia ndogo ya utamu na michezo, toka San Diego mpaka njia ya Walikale



Leo tuongee juu ya kitu ambacho hakuna profesa atakubali kama mada ya mémoire: bombo. Ile ndogo ambayo mwenye butike anakupa wakati amekosa franka za kukurudishia. Mtoto anaimeza mu dakika mbili, karatasi inabaki njiani. Mimi nasema ile karatasi ina historia, na mu historia ile muna wazo ambalo linaweza kusaidia watoto wa Masisi na Walikale ambao vita imewatoa mu masomo.

Tuanze na jina. Kule pwani wanasema pipi, au peremende, neno lililotoka mu Kiingereza peppermint. Sisi huku tulichukua la Kifaransa, bonbon, ambalo ni neno la kitoto: bon, bon, yaani nzuri, nzuri. Sukari nayo ilitoka Uhindi, ikapita kwa Waajemi na Waarabu, njo ikafika kwetu. Jina lilifuata njia ya bidhaa.

Kwa sisi wa agronomie, mama wa bombo ni muwa, Saccharum officinarum. Watu walianza kuulima kule New Guinea, miaka elfu nyingi iliyopita. Wahindi njo walijua kuchemsha maji yake mpaka yagande. Halafu utamu ukawa mchungu: mu Brazili na visiwa vya Karaibi, Waafrika kwa mamilioni walitumikishwa mu mashamba ya miwa, na wengi wao walitoka upande wetu wa Afrika ya kati. Hapa karibu tulikuwa na kiwanda cha sukari cha Kiliba, mu bonde la Ruzizi, Kivu ya Kusini. Vita ya 1996 ilikisimamisha kwa miaka mingi. Njo kusema hata sukari ya chai yetu inajua vita.

Lakini kabla ya kiwanda, utamu ulikuwepo. Walikale ni pori, na mu pori muna asali. Masisi ina maziwa. Ndizi mbivu na muwa wa kutafuna njiani, hiyo ilikuwa bombo ya bibi zetu. Na mtoto wa kwetu hajawahi kula tu bila kutengeneza kitu na mabaki. Majani makavu ya ndizi na sasheti yanakuwa mpira. Vizibo vya Primus vinakuwa askari wa mchezo wa dame. Karatasi za bombo, ju ya rangi zake, zinakuwa pesa ya butike ya kuchezea.

Sasa tutoke Kivu kidogo, tuende Marekani, ju huko kuna mwalimu mmoja ambaye alifanya kazi kubwa na wazo kama hili la watoto wetu. Anaitwa Eleanor Abbott. Mwaka 1948 alikuwa amelazwa mu hospitali ya San Diego, Kalifornia, ju ya polio. Chanjo haikuwepo bado, ilitangazwa 1955. Pale hospitalini palikuwa watoto wengi wenye ugonjwa ule ule, mbali na nyumba, wengine hawawezi kutembea. Mama Abbott akawachorea mchezo: njia ndefu ya vipande vya rangi, inayopita mu nchi ya bombo. Akauita Candy Land. Mwaka 1949 kampuni ya Milton Bradley ikauchapisha, na mpaka leo unauzwa. Mwaka 2005 uliingizwa mu jumba la heshima la vitu vya kuchezea kule Marekani.

Angalieni akili iliyo ndani. Hakuna kusoma, hakuna kuhesabu. Unavuta karata, ukiona rangi nyekundu unaenda mpaka kipande chekundu cha mbele. Mtoto wa miaka minne anacheza na wa kumi bila aibu. Na mtoto asiyeweza kutoka kitandani, kidole chake kinasafiri.

Njo nikawaza watoto wetu. Mu Januari 2025 vita ilifika Masisi-centre, mu Machi ikafika Walikale-centre. Familia zimehama mara mbili, mara tatu. Kuna mtoto wa miaka tisa ambaye hajamaliza hata mwaka mmoja wa shule bila kukimbia. Huyo ukimpa ludo ya kuhesabu, anaogopa. Ukimpa rangi, anajua.

Na watoto wa kartie, tulikata karto kubwa, tukabandika karatasi za bombo za rangi tano, moja kisha nyingine, kama njia. Karatasi zingine tukazikunja na kuzitia mu mfuko: unavuta bila kuangalia. Njia inaanza Sake, inapita Masisi-centre, Nyabiondo, Kashebere, inafika Walikale. Mahali pa Masisi tukachora maziwa, mahali pa pori tukachora asali. Candy Land ina dimbwi la kukwama, sisi tuliweka matope, ju kila dereva wa njia ile anayajua. Watoto wenyewe wakabadilisha kanuni: mwenye kukwama hasubiri, mwenzake anakuja kumsukuma kama wanavyosukuma chukudu, na wote wawili wanasonga. Mtoto mmoja akauliza bariere tutaziweka wapi. Wengine wakakataa: mu mchezo huu hakuna bariere.

Najua mtu atasema: watoto wanahitaji amani, chakula na shule, wewe unatuletea karatasi za bombo? Ni kweli, mchezo hauleti amani. Mchezo wa mama Abbott haukuponyesha polio pia, chanjo njo ilifanya kazi ile. Lakini kati ya ugonjwa na chanjo kulikuwa siku nyingi, na watoto walipaswa kuziishi. Tena huku tumezoesha watoto kukimbilia magari wakiomba biskwi. Mtoto ambaye ametengeneza mchezo na mikono yake, na kubishana juu ya kanuni, amejifunza jambo ambalo biskwi haifundishi.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mwenye anaishi karibu na kambi au na familia zilizopokea wahamishwa, asitupe karto. Akusanye karatasi za rangi, aite watoto, awaachie wachore njia ya kwao: Kitchanga, Pinga, Mweso, popote walipotoka. Halafu mutuambie hapa ni kanuni gani wamevumbua.