Kabla Ulaumu Ndege, Uliza Kuhusu Basi

Wasee, mkisikia msanii yuko kwa ziara mnawaza hoteli na selfi. Mimi huwaza basi la Buddy Holly.

Januari 1959, staa huyu wa roki Marekani, miaka 22, alihitaji pesa, akaingia ziara ya msimu wa baridi kali. Basi moja baada ya lingine likaharibika, hita hazifanyi kazi. Mpiga ngoma wake, Carl Bunch, akalazwa hospitali, miguu imeganda.

Baada ya shoo ya Clear Lake, Iowa, Holly akakodi ndege ndogo. Alitaka tu kufika mapema, alale, afue nguo. Februari 3 ndege ikaanguka. Walikufa yeye, Ritchie Valens, J.P. Richardson na rubani.

Jioni hiyo hiyo waliobaki wakapanda jukwaani Moorhead. Ziara haikusimama.

Msanii ni mfanyakazi. Ukimwita kwa shoo, uliza pia atafikaje na atalala wapi.