Astros wa Houston: Hifadhidata, Pipa la Taka na Ubingwa wa 2017

Wasomaji wangu, leo seva na programu zipumzike kidogo, tuongee besiboli. Usiondoke bado! Najua wengi wetu hapa Kenya tumekulia kwenye soka na riadha, na besiboli tunaiona kwenye sinema tu. Lakini hadithi ya timu ya Houston Astros, kule Texas, ina kila kitu ambacho sisi watu wa tarakilishi tunakipenda na kukiogopa: hifadhidata, udukuzi, neno la siri bovu, faili la Excel na pipa la taka. Naam, pipa la taka. Tutafika huko.

Kwanza mchezo wenyewe. Kama uliwahi kucheza raunda shule ya msingi, nusu ya besiboli unaijua tayari. Mrushaji husimama kwenye kituta katikati ya uwanja, mita 18 na kidogo kutoka kwa mpigaji aliyeshika gongo. Mpira wa kasi huja kwa kilomita 150 kwa saa au zaidi, kwa hiyo mpigaji ana chini ya nusu sekunde ya kuamua. Na si kasi peke yake. Mrushaji ana aina tatu nne za mirusho: ule wa kasi ulionyooka, na ile ya hila inayopinda au kuchelewa. Nani anachagua? Mara nyingi ni mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kumwonyesha mrushaji vidole katikati ya mapaja yake ili mpigaji asione. Vikumbuke vidole hivyo.

Astros walianza mwaka 1962, na kwa zaidi ya miaka hamsini hawakuwahi kutwaa ubingwa. Mwaka 2005 walifika fainali, ambayo huitwa World Series, wakafungwa mechi nne kwa bila na Chicago White Sox. Mwaka 2011 timu ikanunuliwa na mfanyabiashara Jim Crane, na Desemba mwaka huohuo akamwajiri Jeff Luhnow kuwa meneja mkuu. Luhnow alizaliwa Mexico City, alisomea uhandisi na uchumi, na kabla ya besiboli alikuwa mshauri wa biashara katika kampuni ya McKinsey. Alikuja na mtu mwingine muhimu, Sig Mejdal, aliyewahi kufanya kazi NASA. Unaona mwelekeo?

Mpango wao ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuutazama: uza wachezaji wa gharama, poteza sana, maana wakati huo timu iliyomaliza mkiani ndiyo iliyokuwa ikipewa nafasi ya kwanza kuchagua chipukizi wa mwaka uliofuata. Katika mechi 162 za msimu, Astros walipoteza 106 mwaka 2011, 107 mwaka 2012, na 111 mwaka 2013. Kuna mechi ya 2013 ambayo kipimo cha watazamaji wa televisheni mjini Houston kilionyesha 0.0. Sifuri! Hata mama za wachezaji, nadhani, walikuwa wanatazama kitu kingine.

Lakini ndani ya ofisi kulikuwa na kazi nzuri inaendelea, na mimi kama mwandika programu siwezi kuinyima sifa. Walijenga mfumo ulioitwa Ground Control, hifadhidata inayofunguliwa kwa kivinjari cha kawaida, ikiwa na kila walichojua kuhusu mchezaji: takwimu, ripoti za maskauti, afya, mkataba, hata mazungumzo ya kubadilishana wachezaji na timu nyingine. Na waliyatumia. Mwaka 2012, wakiwa na nafasi ya kwanza, walimchagua kijana wa Puerto Rico, Carlos Correa. Nafasi ile ilikadiriwa dola milioni 7.2, wakakubaliana naye kwa 4.8. Salio wakalitumia kumshawishi mrushaji Lance McCullers, waliyemchagua wa 41 na ambaye timu nyingine ziliogopa bei yake. Waliosoma algorithimu chuoni wataitambua: mkoba una nafasi maalumu, wewe jaza thamani kubwa iwezekanavyo. Miaka mitano baadaye Correa na McCullers wote wawili walianza mechi ya mwisho ya fainali.

Mfumo ulikosea pia. Machi 2014 walimwachilia bure mchezaji J.D. Martinez. Alikuwa ametumia majira ya baridi kubadilisha kabisa namna anavyopiga, lakini takwimu zao zilikuwa za Martinez wa zamani. Mwaka 2017 alipiga mipira 45 nje ya uwanja akiwa na timu nyingine, na 2018 alikuwa Boston waliowatoa Astros hao hao. Data ya jana haijui mtu alichofanya usiku.

Tena, mchezaji bora wao hakutoka kwenye Ground Control. José Altuve wa Venezuela alisajiliwa mwaka 2007, kabla ya Luhnow, kwa dola 15,000 tu. Ana urefu wa kama mita 1.68, kwenye majaribio maskauti walimwambia arudi nyumbani kwa ufupi wake, naye akarudi kesho yake kujaribu tena. Mwaka 2017 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yao.

Sasa udukuzi. Huko St. Louis, timu ya Cardinals, ambako Luhnow na Mejdal walitoka, kulikuwa na mkuu wa maskauti anayeitwa Chris Correa (si ndugu wa Carlos, msiwachanganye). Mfanyakazi mmoja alipohamia Astros alirudisha kompyuta yake ya mkononi pamoja na neno la siri. Correa akakisia kwamba neno la siri jipya litafanana na lile la zamani. Likafanana. Akaingia Ground Control. Machi 2014 gazeti la Houston likaandika habari za mfumo ule. Astros wakashtuka, wakabadilisha anwani ya tovuti na kuwalazimisha wote kuanza na neno la siri jipya. Hapo ndipo mimi hushika kichwa: anwani mpya na neno la siri la muda wakawatumia wafanyakazi kwa barua pepe, na Correa alikuwa tayari ndani ya barua pepe za mmoja wao. Ni sawa na kubadilisha kufuli kisha ufunguo mpya ukamwachia mwizi mezani.

Julai 2016 Correa alihukumiwa kifungo cha miezi 46 gerezani. Mwanzoni mwa 2017 ligi ikamfungia maisha, na Cardinals wakaamriwa kuwalipa Astros dola milioni 2 na kuwapa nafasi zao mbili za juu za kuchagua chipukizi. Wakati huo Astros walikuwa ndio walioibiwa, na kila mtu aliwaonea huruma.

Huruma hiyo ilikuja wakati mzuri. Jarida la Sports Illustrated lilikuwa limetabiri tangu Juni 2014, timu ikiwa bado mkiani, kwamba mabingwa wa 2017 watakuwa Astros, na jalada likambeba George Springer. Msimu wa 2017 walishinda mechi 101. Agosti kimbunga Harvey kikaizamisha Houston. Usiku wa tarehe 31 mwezi huo, dakika chache kabla ya muda kwisha, wakamchukua mrushaji nyota Justin Verlander kutoka Detroit. Kwenye fainali walikutana na Los Angeles Dodgers. Mimi wakati huo nilikuwa chuo kikuu, na mechi zile kwa saa zetu zilianza saa tisa usiku. Nilifuata ya tano kwenye simu, bando likiyeyuka, Astros wakitoka nyuma 4-0 na kushinda 13-12. Novemba 1 wakamaliza kazi Los Angeles, 5-1. Springer, yule wa jaladani, akawa mchezaji bora wa fainali.

Miaka miwili baadaye, Novemba 2019, mrushaji Mike Fiers, aliyekuwa kwenye timu ile ya 2017, aliliambia jarida la The Athletic jinsi ilivyokuwa.

Kuiba ishara kwa macho si kosa. Mkimbiaji aliyefika kituo cha pili akiona vidole vya mdakaji na kumwashiria mwenzake, hilo limekubalika tangu enzi. Kilichokatazwa ni vifaa vya elektroniki. Septemba 2016, kwa mujibu wa gazeti la Wall Street Journal, mwanagenzi mmoja alimwonyesha Luhnow faili la Excel lililopewa jina Codebreaker: unaingiza ishara za mdakaji na mirusho iliyofuata, nalo linakutolea maana ya kila ishara. Luhnow baadaye alikana kujua kwamba lilitumika kinyume cha sheria wakati wa mechi. Kisha, msimu wa 2017, wachezaji, akiwemo mkongwe Carlos Beltrán, na kocha msaidizi Alex Cora, wakaongeza sehemu iliyokosekana. Skrini ikawekwa karibu na kibanda cha timu, ikionyesha picha ya moja kwa moja kutoka kamera ya nyuma ya uwanja. Mtu anasoma vidole, kisha anapiga pipa la taka kwa gongo. Kishindo kimoja au viwili: mrusho wa hila unakuja. Kimya: mpira wa kasi.

Walijaribu pia makofi na miluzi. Pipa likashinda. Sisi hupenda kucheka suluhisho kama hizo, ila tukubali kwamba ilikuwa biti moja, ikafika kwa wakati.

Kocha A.J. Hinch hakupenda, na mara mbili aliiharibu ile skrini. Lakini hakuwaambia waache. Septemba 2017 kamishna wa ligi, Rob Manfred, alizionya timu zote baada ya Boston kukamatwa wakitumia saa ya kielektroniki. Astros wakaendelea hadi kwenye mechi za mchujo.

Ripoti ya Manfred ilitoka Januari 13, 2020. Luhnow na Hinch walifungiwa mwaka mmoja na siku hiyohiyo Crane akawafuta kazi. Timu ikatozwa dola milioni 5 na kunyang'anywa nafasi za juu za chipukizi kwa miaka miwili. Cora akapoteza kazi Boston, Beltrán akaacha ukocha wa Mets kabla ya mechi hata moja. Wachezaji walipewa kinga ili waseme ukweli, kwa hiyo hakuna aliyeadhibiwa. Ubingwa haukufutwa.

Je, wizi ule uliwasaidia kiasi gani? Hapa ndipo akaingia mwenzetu mmoja, shabiki wa Astros ambaye kazi yake ni kutengeneza tovuti. Alichukua video za mechi 58 za nyumbani za 2017, akaandika programu iliyomletea kila mrusho pamoja na mchoro wa sauti yake, akakaa kusikiliza. Mirusho zaidi ya 8,200. Kwenye 1,143 alisikia kishindo. Fikiria kufanya kazi hiyo dhidi ya timu unayoipenda! Marwin González alipigiwa pipa mara 147. Altuve, ambaye lawama zote zilimwangukia, mara 24 tu.

Namba nyingine zinavuruga kichwa. Msimu ule wa kawaida Astros walishinda mechi 53 ugenini, ambako hakukuwa na pipa, na 48 tu nyumbani. Ukiishia hapo utasema pipa halikufaa kitu. Lakini mechi za mchujo walishinda 8 na kupoteza 1 nyumbani, ugenini wakashinda 3 na kupoteza 6. Mechi 18 ni sampuli ndogo sana, na mimi sitajenga hoja juu yake. Maoni yangu ni kwamba timu ile ingekuwa nzuri hata bila pipa, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Na wastani haumwoni mtu mmoja. Agosti 4, 2017 ndiyo siku vishindo vilisikika vingi kuliko zote, 54. Toronto Blue Jays walimwingiza mrushaji Mike Bolsinger. Alimtoa mpigaji mmoja tu, akaruhusu pointi nne, akateremshwa ligi ya chini. Hakurudi tena. Mwaka uliofuata alirusha Japani, huko Chiba, akashinda mechi 13 na kupoteza 2. Mwaka 2020 aliwashtaki Astros mahakamani. Kwa mwanagenzi na faili lake Bolsinger alikuwa mstari mmoja kwenye jedwali. Nimewahi kuombwa na mteja programu ya kunyonya data za mshindani wake usiku, na sikuuliza bei. Nilifikiria ni nani atakayekuwa upande wa pili wa jedwali hilo.

Astros hawakuporomoka. Walicheza fainali ya ligi yao kila mwaka kuanzia 2017 hadi 2023, mara saba mfululizo. Mwaka 2022, chini ya kocha Dusty Baker, walishinda mechi 106 kisha wakawafunga Philadelphia Phillies nne kwa mbili, huku chipukizi Jeremy Peña akiwa mchezaji bora wa fainali. Ni wachezaji watano tu wa ubingwa wa 2017 waliokuwa bado kikosini: Altuve, Bregman, Gurriel, McCullers na Verlander. Mwaka 2025 wakakosa mechi za mchujo kwa mara ya kwanza tangu 2016.

Msimu huohuo wa 2022 ligi iliruhusu kifaa kinachoitwa PitchCom. Mdakaji anabonyeza kitufe mkononi au gotini, na mrushaji anasikia chaguo kupitia spika ndogo ndani ya kofia, kwa mawasiliano yaliyosimbwa. Mdakaji bado anachuchumaa palepale nyuma ya mpigaji, ila anayetumia kifaa hicho hahitaji tena kuonyesha vidole.