Khuluq ni Hulka, Si Maadili

Faharasa mpya ya istilahi za Elimu ya Dini ya Kiislamu imenifikia mkononi. Katika herufi ya A nimekuta neno akhlaqi limefasiriwa kwa neno moja tu: maadili. Nikaenda kwenye H kuitafuta husnul-khuluq, nikakuta "uzingativu wa maadili". Msomaji wa makala haya haniulizi husnul-khuluq ni nini. Aliifahamu tangu chuoni, alipofundishwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema ametumwa ili aikamilishe. Ninachodai ni kwamba tafsiri hiyo ni dhaifu, na kwamba neno lililostahili kuwekwa pale lilikuwapo: hulka. Nililipendekeza kwa maandishi, pamoja na hoja zake, kabla faharasa haijapigwa chapa. Jibu lilikuja kwa sentensi moja, kwamba hulka ni neno la maumbile, tena limepitwa na wakati. Hakuna hoja yangu hata moja iliyoguswa. Kwa kuwa kule hazikujibiwa, naziweka hapa mbele ya wenye lugha.

Tuanze na mzizi. Herufi kh-l-q katika Kiarabu, wasemavyo wanaleksia wa kale, asili yake ni kupima na kukadiria: fundi wa ngozi alisemwa ameikhuluku ngozi alipoipima kabla ya kuikata. Kutoka hapo likaja kuumba, yaani kukipa kitu kadiri yake na sura yake. Mzizi huo umekaa Uswahilini siku nyingi sana. Washairi wetu husema huluku kwa maana ya kuumba, na mahuluku kwa maana ya kiumbe. Hata halaiki, tunayoitumia kila siku kwa umati wa watu, ni ukoo huohuo, kwani asili yake ni khala'iq, viumbe. Hulka basi si mgeni aliyebisha hodi jana. Ana ndugu zake humu ndani, na wote wanajulikana kwa majina.

Katika ukoo huo Waarabu waliweka maneno mawili ubavu kwa ubavu: khalq na khuluq. Raghib al-Isfahani, katika kamusi yake ya maneno ya Qurani, aliyapambanua vizuri: khalq ni umbo linaloonekana kwa jicho la uso, na khuluq ni umbo la ndani, linaloonekana kwa jicho la moyo. Ndiyo maana iko dua mashuhuri ambayo mja humwomba Mungu amfanyie uzuri khuluq yake kama alivyomfanyia uzuri khalq yake. Imam Tirmidhi katika Shamaili alieleza wajihi wa Mtume na mwenendo wake ndani ya kitabu kimoja, kwa kuwa kwake hayo yalikuwa pande mbili za kiumbe mmoja. Na watu wa pwani yetu, kutoka Lamu hadi Unguja na Kilwa, wamesikiliza Maulidi ya Barzanji vizazi kwa vizazi, na humo khalq na khuluq hutajwa kwa pumzi moja. Masikio yao yalikwisha kuuzoea uhusiano huo kabla kamati yoyote haijaundwa.

Ndani ya Qurani neno khuluq limekuja mara mbili tu. Katika sura ya 68, aya ya 4, Mtume anasifiwa kwa khuluq iliyo kuu. Katika sura ya 26, aya ya 137, neno hilo limekuja kwa maana ya desturi ya watu wa kale, na hapo baadhi ya wasomaji wa visomo vinavyokubalika wamesoma khalq badala ya khuluq. Maneno haya yamekaribiana kiasi hicho. Anayeng'oa istilahi kutoka katika ukoo huu na kuipandikiza kwenye mzizi mwingine amekata jambo ambalo wahyi wenyewe uliliunga.

Sasa tuyatazame maadili. Mzizi wake ni '-d-l, usawa. Idl kwa Waarabu ilikuwa mzigo wa upande mmoja wa ngamia unaolingana uzito na wa upande wa pili. Kutoka hapo kukaja adl, uadilifu wa hakimu na wa mtawala. Sisi tukapata adili, tukaliongezea ma- likawa maadili, neno zuri lenye kazi yake, ambalo sina ugomvi nalo linapokaa mahali pake. Lakini mahali pake si hapa, na ninazo sababu mbili.

Ya kwanza ni ya elimu yenyewe. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Ihya Ulumiddin kwamba mama wa akhlaqi zote ni wanne: hikima, ushujaa, kujizuia na matamanio, na adl. Adl ni wa nne kati ya wanne. Kuiita akhlaqi yote maadili ni kumpa mtoto mmoja jina la ukoo mzima. Najua atakuwapo atakayesema kwamba adl kwa Ghazali ndiyo inayowalinganisha wale watatu, kwa hiyo inastahili kuwa juu yao. Kweli inawalinganisha. Lakini mlinganyo ni sifa ya khuluq ikishakuwa njema. Khuluq yenyewe inaweza kuwa njema na inaweza kuwa mbaya.

Hapo ndipo penye sababu ya pili, na naiona kubwa zaidi. Kiarabu kina husnul-khuluq na kina su'ul-khuluq. Kwa neno maadili hiyo ya pili haisemeki. Tunalazimika kusema "ukosefu wa maadili" au "mmomonyoko wa maadili", kana kwamba ubaya wa mtu ni pengo tupu. Bahili hana pengo. Anacho kitu kilichojikita nafsini mwake, kinachomfunga mkono bila yeye kufikiri. Mwenye hasira vilevile, na hasidi vilevile. Ugonjwa wao ni kitu kilichopo na chenye mizizi, na kinahitaji kutibiwa. Istilahi isiyoweza kuutaja ugonjwa haitamsaidia tabibu.

Wapo wanaosema tuliache suala hili, tabia njema inatosha. Hawa nawajibu kwa heshima zaidi, maana nyuma yao wamesimama wakubwa. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, ambaye tafsiri yake kamili ya Qurani ilitoka mwaka 1969, alitumia tabia, na aliandika kwa watu wa barabarani na wa msikitini ambao neno hilo walilijua. Kwa kazi ile alichagua sawa. Lakini tafsiri ya kusomwa na watu wote ni jambo moja, na istilahi ya elimu ni jambo jingine. Tabia inatokana na tab', kupiga mhuri. Raghib aliifananisha na kugonga chapa juu ya sarafu, na matbaa tunayochapishia vitabu ni ya mzizi huo. Katika Kiswahili chetu cha leo tabia imetanuka mno: maji yana tabia, chuma kina tabia, nchi ina tabia yake ya mvua na jua mpaka tukapata tabianchi. Mtoto akinyonya kidole tunamwambia aache tabia hiyo. Neno linalobeba mvua, chuma na kidole cha mtoto limechoka, na haifai kulitwika khuluq juu ya hayo.

Adabu nayo nimeiona ikipendekezwa. Adabu ni mwenendo wa nje, wa kuketi, kula na kusema na wakubwa, na mtu aweza kuwa nayo mbele za watu huku moyo wake ukifuka moshi. Uungwana una historia ya mwungwana na mtumwa, na dini iliyomweka Bilali juu ya Al-Kaaba kuadhini haiwezi kuazima jina la wema wake kutoka huko. Na wako wanaotaka tuandike akhlaki, basi, tumalize. Huko ni kuhamisha neno bila kulitafsiri, hali lugha inalo lake.

Nimefika kwenye pingamizi lenyewe, kwamba hulka ni maumbile. Ni kweli kamusi zetu huielekeza hulka kwenye tabia ya kuzaliwa nayo, na hofu ya wenzangu ni kwamba mwanafunzi atasema: hulka yangu ndiyo hii, Mungu kaniumba hivi, sibadiliki. Hofu hiyo Ghazali aliijibu miaka mia tisa na zaidi iliyopita. Alisema kama khuluq isingebadilika, basi mawaidha na nasaha na malezi vingekuwa kazi bure. Na ikiwa kipanga hufugwa akazoea mkono wa mtu, na farasi mkali akawa mtiifu, vipi mwanadamu ashindikane? Akaitaja kokwa ya tende: si mtende, lakini imeumbwa iweze kuwa mtende ikitunzwa. Maumbile ndiyo mwanzo, malezi ndiyo safari. Neno hulka linavibeba vyote viwili kwa sababu khuluq yenyewe inavibeba.

Sunna inasema hivyo hivyo. Ashajj wa Abdul-Qays aliposifiwa na Mtume kwa upole na utulivu wake, aliuliza kama sifa hizo amezichuma mwenyewe au ameumbwa nazo, akajibiwa kwamba Mungu ndiye aliyemuumba nazo. Na iko Hadithi nyingine isemayo kwamba upole hupatikana kwa kujilazimisha upole. Mmoja alipewa, mwingine anauchuma, na wote wawili Mwarabu huwaita wenye khuluq. Basi kuikataa hulka kwa kuwa ina harufu ya maumbile ni kuikataa khuluq yenyewe.

Wala hili si suala la maneno matupu. Ghazali alifafanua khuluq kuwa ni hali iliyojikita nafsini, ambayo vitendo hutoka humo kwa wepesi, bila kufikiri wala kujikaza. Anayetoa sadaka mara moja kwa haja iliyomzukia hajawa karimu. Anayejizuia hasira kwa taabu yuko njiani, hajafika. Maadili, kwa jinsi tunavyoyatumia, ni kanuni: maadili ya uongozi, maadili ya udaktari, maadili ya uandishi wa habari. Kanuni huzingatiwa au huvunjwa, na mtu aweza kuzizingatia zote mpaka mlango wa nyumba yake. Mtoto akifunzwa kwamba akhlaqi ni kuzingatia maadili, ataikariri orodha, atapata alama zake, na atarudi nyumbani kumtukana dada yake.

Mtume aliwauliza masahaba wake muflisi ni nani. Walipojibu kwamba ni asiye na dirhamu wala mali, aliwaambia ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka, lakini amemtukana huyu, amemsingizia huyu, amekula mali ya huyu, amemwaga damu ya huyu, amempiga huyu; thawabu zake zitagawiwa aliowadhulumu, na zikiisha atabebeshwa dhambi zao. Alitajiwa pia mwanamke mwenye kusali usiku na kufunga mchana huku akiwaudhi jirani zake kwa ulimi, akasema hana kheri. Hao wawili hawakupungukiwa na kanuni wala ibada. Waliharibika pale ambapo khuluq hukaa, na ndipo neno letu linapotakiwa kufika.

Kuhusu matumizi, ni mepesi. Hulka iandikwe kwa h, iingie ngeli ya I-ZI. Husnul-khuluq ni hulka njema, su'ul-khuluq ni hulka mbaya, ilmul-akhlaqi ni elimu ya hulka, na tahdhibul-akhlaqi, jina alilokipa kitabu chake Miskawayhi aliyefariki mwaka 1030, ni malezi ya hulka. Maadili yabaki kwa kanuni za kazi, adabu kwa mwenendo wa nje, tabia kwa mazoea na kwa mambo ya asili. Mwalimu wa madrasa hahitaji ruhusa ya mtu kulitumia neno hili kesho asubuhi. Akilitumia, amwambie mwanafunzi wazi kwamba hulka mbaya ni ugonjwa, kwamba una dawa, na kwamba katika mizani ya Siku ya Kiyama, kama alivyofundisha Mtume, hakuna kizito kuishinda hulka njema.