Mtoto Ulingoni: Chimbuko la Mashindano ya Vijana ya Kuonyesha Mbwa

Maonyesho ya mbwa yalianza Uingereza katika karne ya 19 yakiwa na shabaha ya kupima uzao. Onyesho la Newcastle la mwaka 1859 liliwakutanisha mbwa wa uwindaji wa aina ya pointa na seta ili wenye mbwa walinganishe mbegu. Klabu ya Westminster ya New York, iliyofanya onyesho lake la kwanza mwaka 1877, ilirithi mtazamo huohuo: mwamuzi hupima umbo la mnyama, na aliyeshika kamba ni msaidizi tu. Ndiyo maana jambo lililofanyika mwaka 1932 katika onyesho la Westbury, Long Island, lina uzito. Leonard Brumby, aliyejipatia riziki kwa kuonyesha mbwa wa wengine, alikuwa mstari wa mbele kuanzisha shindano la watoto ambalo humpima mwongozaji. Naamini hatua hiyo iliingiza katika mchezo wa nasaba kipimo kingine kabisa, yaani ujuzi unaopatikana kwa kujifunza.

Ushahidi umo katika kazi yenyewe. Mtoto hufundishwa kumsimamisha mbwa miguu ikiwa imenyooka, kumfungua midomo ili meno yaonekane, na kumkimbiza mchakamchaka kwa mwendo unaolingana na aina yake, iwe kwa duara, kwa pembetatu au kwa kwenda na kurudi. Mbwa mdogo hukaguliwa juu ya meza, na mwongozaji hujihadhari asimkinge mwamuzi asimwone mnyama. Hakuna lolote kati ya hayo linalorithiwa. Yote hudai mazoezi ya kila siku na kumsoma mnyama asiyeweza kusema kwamba amechoka au ameogopa.

Wapo watakaosema kwamba usawa unaoletwa na kipimo hiki cha ujuzi ni wa juujuu, kwa kuwa mtoto wa familia yenye mbwa wengi na ya wazoefu huingia ulingoni akiwa mbele. Hoja hiyo ina ukweli: mbwa aliyezoea maonyesho humrahisishia kazi mwongozaji, na mazoezi yana gharama. Hata hivyo, kanuni za Marekani haziruhusu umbo la mbwa kutiwa katika alama, na humpokea hata mbwa aliyehasiwa, ambaye kwa kawaida hana nafasi katika mashindano ya uzao. Utajiri unaweza kununua mbwa bora, lakini hauwezi kumtulizia mtoto mikono yake mbele ya mwamuzi.

Shindano lililoitwa la watoto lilipewa jina la ustadi wa vijana mwaka 1951, na American Kennel Club ikalitambua rasmi mwaka 1971, takriban miaka 40 baada ya Westbury. Kuchelewa huko kunaonyesha jinsi ilivyokuwa vigumu kwa wapenzi wa nasaba kukubali kwamba malezi ya mwongozaji nayo yanastahili kupimwa. Bila vijana wanaojua kumshika mnyama kwa upole na nidhamu, hata mbegu bora hukosa wa kuitunza. Kwa hiyo klabu inayoliweka shindano hili pembeni inadhoofisha msingi wake yenyewe.