Swali la Shosho

Mwaka jana kijana mmoja alibisha kwetu Mutuini, tableti mkononi. Alikuwa anafanya utafiti wa presha na sukari. Akampa shosho fomu ya Kiingereza: "Weka saini hapa tu, shosho." Shosho akamuuliza, "Na nikibadilisha nia kesho?" Kijana akanyamaza. Si ati alikuwa mbaya. Hakuna mtu alikuwa amemfunza jibu.

Wasee, huko kunyamaza kuna historia, na iko hapa Nairobi.

Kuanzia miaka ya 1980, wanawake wa Majengo, Pumwani, waliofanya kazi ya ngono walitoa damu kwa watafiti wa vyuo vikuu vya Nairobi na Manitoba, Kanada. Walitibiwa pia, hiyo ni kweli. Wachache wao walikaa miaka bila kuambukizwa HIV, na dunia ikashangaa. Hapo ndipo wanasayansi wa Oxford na Nairobi walipata wazo la chanjo. Mwaka 2000 ikajulikana kwamba Waingereza waliomba hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, bila kuwaweka wenzao Wakenya. Kukawaka moto, makubaliano yakaandikwa upya. Chanjo yenyewe mwishowe haikufaulu.

Lakini ona: wasomi walijua pa kulalamikia. Mama wa Majengo angelalamika wapi?

Mwaka huohuo, kituo cha Fogarty cha Marekani kilianza kufadhili mafunzo ya maadili ya utafiti katika nchi zinazoendelea. Sheria yetu ya 2013 ikaleta NACOSTI, na leo utafiti kama ule lazima upitie kamati ya maadili kwanza. Poa sana. Shida ni kwamba kamati inakaa ofisini, na anayebisha mlango ni kijana wa kibarua anayelipwa kwa siku.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: mafunzo yasiishie kwa maprofesa. Yamfikie huyo kijana, kwa Kiswahili na Kikuyu. Na yatufikie sisi pia, tunaoulizwa maswali.

Jibu la shosho ni rahisi: unaweza kujitoa saa yoyote, bila kueleza sababu, na hutanyimwa matibabu yako kwa sababu hiyo. Sentensi moja tu. Kijana angeijua, pengine shosho angekubali.

Hakusaini. Alimpa chai, akamwambia arudi akiwa na jibu.