Njia ya Siku Moja: Kalwaria, Wadowice na Oświęcim



Tarehe 7 ya mwezi wa sita 1979, Papa Yoane Paulo II alitembelea pahali patatu kwa siku moja. Alisali kwanza Kalwaria Zebrzydowska, penye nyumba ya Bikira Maria. Kisha akafika Wadowice, mji mdogo alimozaliwa. Mwisho akatoa Misa pale Brzezinka, karibu na mji wa Oświęcim, ndani ya kambi ya mauti ambayo Wajeremani waliita Auschwitz. Pahali pote patatu ni kusini mwa Polonia, upande wa Kraków. Toka Wadowice mpaka Kalwaria ni kilometa karibu 14, na toka Wadowice mpaka Oświęcim ni karibu 30. Padri mwenye pikipiki angezimaliza zote kwa siku moja, kama tunavyozunguka sisi vijiji vya parokia zetu.

Tunataka kuifuata njia ile pamoja nanyi. Wengi wetu, tukisikia neno historia ya Eklezya, tunafikiri majina ya mapapa na miaka ya mitaguso. Majina hayo ni ya lazima, lakini historia inakaa pia katika mlima, katika nyumba ya watu, katika kitabu cha ubatizo. Nayo inapotea upesi ikiwa hakuna mtu wa kuitunza.

I. KALWARIA

Mwanzo wa Kalwaria ni mwaka wa 1600. Mkubwa wa jimbo la Kraków, Mikołaj Zebrzydowski, alianza kujenga kanisa dogo la Msalaba juu ya mlima Żar. Aliona ya kuwa milima ile inafanana na milima ya Yerusalemu. Basi akaamua kuifanya Yerusalemu nzima hapo kwake, kusudi watu wasioweza kusafiri mpaka Inchi Takatifu waione kwa miguu yao wenyewe. Mlima Żar ukawa Golgota, mlima wa Lanckorona ukawa Mlima wa Mizeituni, na mto mdogo Skawinka ukawa Sedroni. Vipimo vilifuata kitabu cha Adrichomius, padri wa Uholanzi aliyeeleza mji wa Yerusalemu. Mmoja wa mafundi wakubwa alikuwa mfua dhahabu Paul Baudarth, mtu wa Anvers, mji tunaoujua sisi wa Kongo. Watawa wa Mtakatifu Fransisko waliitwa kulinda pahali pale, na wangali wako mpaka leo.

Tusidhani ya kuwa Zebrzydowski alikuwa mtu mpole tu. Mwaka wa 1606 aliongoza uasi wa wakubwa wa inchi juu ya mfalme wao Sigismund III, akashindwa. Mtu yule yule aliyejenga Njia ya Msalaba alichukua silaha. Historia ya kweli haifichi jambo la namna hii, wala haimtupi mtu kwa sababu yake.

Leo makanisa na vikanisa vya Kalwaria ni 42, vimetawanyika juu ya vilima na ndani ya misitu. Mwaka wa 1999 UNESCO iliandika pahali hapo kati ya mali ya dunia nzima. Lakini majengo peke yake siyo Kalwaria. Katika Juma Takatifu watu wa vijiji wanaonyesha mateso ya Bwana toka kikanisa kimoja mpaka kingine, na umati wa watu unafuata kwa miguu. Wakati wa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, wanachukua sanamu ya Bikira Maria kana kwamba wanakwenda kumzika, kisha wanarudi na furaha ya utukufu wake.

Wakatekista, tafadhali msikilize jambo hili: makundi ya wasafiri yanaongozwa tangu zamani na walei. Ni watu wa vijiji wanaojua nyimbo, wanaojua sala ya kila kituo, nao wanawafundisha vijana watakaowafuata. Mwaka wa 1795 Urusi, Prusia na Austria zilimaliza kugawana Polonia, na Leta ya Polonia ikafutika juu ya karata ya dunia kwa miaka 123, mpaka 1918. Katika miaka ile, mkulima aliweza kuja Kalwaria, kusali na kuimba kwa lugha yake. Hakuwa na Leta yake, lakini njia alikuwa nayo, na wenye kumwonyesha njia walikuwa watu kama yeye. Sisi, ambao inchi zetu zilikatwa na wageni wakati wa mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, tunaweza kufahamu bila kuelezwa sana.

Kutoka hapo unaona upande wa pili mji wa Lanckorona, wenye nyumba za miti zilizopangwa kuzunguka soko, na mabaki ya ngome ya mfalme Kazimierz Mkubwa, aliyetawala toka 1333 mpaka 1370. Ngome ya mfalme imebaki mawe matupu, na njia ya wasafiri ingali na watu.

II. WADOWICE

Wadowice ni mji mdogo kando ya mto Skawa. Katikati ni kiwanja, na penye kiwanja ni kanisa la Bikira Maria, lililopewa cheo cha bazilika mwaka wa 1992. Karol Wojtyła alizaliwa tarehe 18 ya mwezi wa tano 1920 katika nyumba iliyo kando ya kanisa. Toka dirisha la nyumba ile unaona saa ya jua iliyochorwa juu ya ukuta wa kanisa, yenye maneno ya kukumbusha ya kuwa wakati unakimbia na milele inangoja. Mtoto aliyasoma kila siku.

Mama yake Emilia alikufa mwaka wa 1929, Karol akiwa hajatimiza miaka tisa. Baba, askari mzee, alimpeleka Kalwaria, kwa Mama wa wote. Hapo tunaona ya kuwa njia ile ya Zebrzydowski haikuwa pambo la mtu tajiri: nyuma ya miaka 300 na zaidi ilimfariji mtoto yatima.

Ndani ya kanisa wanatunza kisima cha ubatizo, na vilevile kitabu cha ubatizo cha parokia. Tarehe 20 ya mwezi wa sita 1920 padri aliandika mstari mmoja wa mtoto mmoja kati ya wengi. Baadaye, kandokando ya mstari ule, wengine waliongeza: amepewa upadri, amefanywa askofu, amefanywa kardinali, amechaguliwa kuwa Papa. Padri wa kwanza hakuweza kujua. Aliandika vizuri tu, kwa sababu ndiyo kazi yake.

Juu ya kilima kidogo cha mji kuna nyumba ya watawa wa Karmeli, iliyoanzishwa mwaka wa 1892. Mmoja wa waanzilishi alikuwa Mtakatifu Rafał Kalinowski. Alipokuwa kijana aliingia katika vita ya uhuru ya 1863 juu ya Urusi. Akahukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa miaka 10 ya kazi ngumu huko Siberia. Alipotoka akawa mtawa na padri, naye alikufa hapo Wadowice mwaka wa 1907, akiacha sifa ya padri aliyekaa saa nyingi katika kitubio. Mtu wa Wadowice, Papa, ndiye aliyemtangaza Mtakatifu mwaka wa 1991.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumeeleza nusu tu ya mji. Mwenye nyumba ile ya Wojtyła alikuwa Myahudi. Wayahudi walikuwa wengi katika Wadowice, na sinagogi yao ilikuwa nzuri. Jerzy Kluger, mwana wa mkubwa wa jumuiya yao, alisoma na Karol shule moja, wakicheza pamoja. Wajeremani walipoingia mwaka wa 1939, waliibomoa sinagogi. Katika mwezi wa nane 1943 Wayahudi waliobaki mjini walipelekwa Auschwitz. Kluger aliokoka kwa kuwa alikuwa mbali na inchi. Mama yake na dada yake waliuawa pale. Mwaka wa 1989 waliweka jiwe la ukumbusho pahali palipokuwa sinagogi, na Papa akamwandikia barua rafiki yake wa utoto. Ndugu, yafaa tulipime jambo hili: pahali pa mauti palikuwa kilometa 30 tu toka kisima cha ubatizo.

III. OŚWIĘCIM

Oświęcim ulikuwa mji kama mingine kabla ya vita. Mwaka wa 1898 Wasalesiani walifungua hapo nyumba yao ya kwanza katika Polonia, kufundisha vijana kazi za mikono. Ni shirika lile lile lililofika Katanga mwaka wa 1911. Tarehe 14 ya mwezi wa sita 1940 Wajeremani walileta katika kambi yao mpya Wapolonia 728, wafungwa wa kwanza wa Polonia. Tangu siku ile mpaka tarehe 27 ya mwezi wa kwanza 1945, askari wa Urusi walipoifungua, watu karibu 1 100 000 walikufa humo. Karibu 1 000 000 walikuwa Wayahudi. Wengine walikuwa Wapolonia, Waroma na askari wa Urusi waliotekwa vitani.

Mfungwa akiingia, alinyang'anywa jina na kupewa namba. Padri Maximilian Kolbe alikuwa 16670. Mwishoni mwa mwezi wa saba 1941 walichagua watu kumi kufa kwa njaa. Mmoja wao, Franciszek Gajowniczek, alilia kwa ajili ya mke na watoto wake, na Padri Kolbe akatoka mstarini kuchukua nafasi yake. Aliuawa tarehe 14 ya mwezi wa nane 1941. Gajowniczek aliishi mpaka 1995. Alikuwapo Roma mwaka wa 1982 Kolbe alipotangazwa Mtakatifu. Edith Stein, mtawa wa Karmeli aliyezaliwa Myahudi, aliuawa hapo mwaka wa 1942. Hao tunawajua. Lakini Wayahudi wengi sana walipotoka katika treni walipelekwa moja kwa moja katika vyumba vya gazi ya sumu, na hata namba hawakuandikiwa.

Tangu 1947 kambi ni nyumba ya ukumbusho. Mtu anaona viatu vya wafu, masanduku yenye majina, na njia ya reli inayoishia pale. Waliookoka wenyewe walidai vitu hivi vitunzwe, kusudi mtu yeyote asiweze kusema ya kuwa havikutokea.

IV. NA SISI?

Mtu wa Wadowice alikuja kwetu pia. Tarehe 15 ya mwezi wa nane 1985, siku ya Bikira Maria, alimtangaza Mwenye heri Sista Anuarite huko Kinshasa. Anuarite aliuawa Isiro tarehe 1 ya mwezi wa kumi na mbili 1964. Alizikwa katika shimo moja pamoja na wengine. Kisha mwili wake ukatafutwa, ukatambuliwa, ukazikwa kwa heshima. Na jina hili Anuarite tunalomwomba nalo lilikuwa la dada yake. Yeye aliitwa Nengapeta. Siku ya kumwandikisha shuleni, mwandishi alikosea, na kosa likabaki.

Tuna vitabu vya ubatizo vilivyoliwa na mchwa, na vingine vilivyochomwa katika vita. Tuna wakatekista wa kwanza waliolala katika makaburi yasiyo na alama. Tuna vilevile mashimo ya watu waliouawa, na mara nyingi waliowaua ni majirani zao, wabatizwa kama wao. Tunapenda kuonyesha kanisa la kwanza la misioni, na kunyamaza juu ya shimo lililo nyuma yake. Lakini Papa, siku ile ya 1979, hakuishia kwenye kisima cha ubatizo chake. Aliendelea mpaka mwisho wa njia.

Basi, frateri, wakati wa likizo umwulize mkatekista mzee wa kwenu, uandike. Padri, fungua kitabu chako cha ubatizo, uandike jina kama mama wa mtoto anavyolitaja. Na tukijua pahali walipolala waliouawa, tuwape jina, wa kabila letu na wa kabila lingine pamoja, tukisali kwa ajili ya wote.