Upimaji wa shinikizo la damu kwa umma (Arua na Koboko)

Ni utaratibu wa kuwapima watu wasiohisi maradhi yoyote, kwa nia ya kuwatambua wale ambao shinikizo lao la damu limefikia 140 kwa 90 au zaidi, kabla hawajapatwa na kiharusi au kuharibika moyo na figo.

Manufaa. Maradhi haya ya shinikizo la juu la damu aghalabu hayana dalili. Uchunguzi wa kitaifa wa Uganda wa mwaka 2014 ulibainisha kwamba takriban robo ya watu wazima walikuwa nayo, na wengi wao hawakujua. Kwa hiyo katika eneo la Nile Magharibi nchini humo, ambako hospitali ya rufaa iko mjini Arua, ilhali wanavijiji wengi wa Koboko, mpakani mwa Kongo na Sudani Kusini, wako mbali nayo, kipimo kikipelekwa sokoni, kanisani au msikitini huweza kuokoa maisha.

Hadhari. Kipimo kimoja si hukumu: hofu, mwendo wa haraka, kahawa, au mkanda usiolingana na unene wa mkono huweza kupandisha hesabu, mwenye siha njema akatiwa wasiwasi na kumezeshwa dawa bure; ndiyo sababu ni sharti kirudiwe siku nyingine. Fauka ya hayo, wataalamu Wilson na Jungner, katika risala yao kuhusu upimaji wa maradhi kwa umma iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1968, walishurutisha kuwapo kwa matibabu kwa atakayegunduliwa. Na maadamu dawa za shinikizo aghalabu hutumiwa maisha yote, kumpima mtu ambaye kituo chake cha afya hakina dawa ni kumzidishia fadhaa pasipo kumpunguzia maradhi.